Neno Nililolijua Nusu

Neno la Kiingereza gripe nililiona kwanza kwenye chupa. Kabla sijaenda Geita nilikuwa mfagizi, halafu msaidizi wa kufunga vidonda, katika zahanati ya misheni karibu na Shinyanga. Kabatini kulikuwa na chupa ndogo za dawa ya watoto wachanga. Walioijia zaidi ni wake wa wenye maduka wa Kihindi, maana mama zetu walikuwa na mizizi yao. Neno hilo lilikuwa kwenye karatasi ya chupa, nami nilimwuliza dresa mkuu, mkubwa wetu wa vidonda na dawa, maana yake. Alinyoosha vidole hewani, akavikunja polepole mpaka vikawa ngumi, kisha akaizungusha ngumi.

"Msokoto," akasema. "Tumbo likishikwa hivi."

Nilikuwa na kamusi iliyopoteza jalada na kurasa za mwisho, hata Kiingereza changu kikaishia kwenye herufi T. Nilitafuta. Kamusi ilisema neno hilo ni kushika kwa nguvu, na tena ni maumivu ya kusokota ya matumbo. Ilikubaliana na ngumi ya dresa. Nikalihesabu kuwa neno nililolimaliza. Ndivyo nilivyojifunza lugha ile, kwa kumaliza neno moja na kwenda kwa jingine, na nililolimaliza sikulirudia.

Miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ulitaka mkalimani anayejua Kisukuma, Kisumbwa na Kiingereza kidogo. Kisukuma kilikuwa cha nyumbani kwetu, Kisumbwa nilikipata kwa bibi mzaa mama, na Kiingereza kidogo ndicho hicho. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mdomo wa shimo zamu zilipobadilishana, kati ya bwana wa zamu na watu wake. Bwana akisema, nayageuza maneno yake. Watu wakisema, nayageuza. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyostahili kuipenda. Watu wazima walinyamaza kuningoja nifungue mdomo.

Bwana wa zamu alikuwa Mzungu mgeni. Wakati wa vita alikaa pamoja na wanajeshi wa Kiamerika, na maneno mengi aliyatoa kwao. Alisema upesi, kupitia puani. Nilipokosa neno lake nilibahatisha kwa kutazama uso na mikono. Mara nyingi nilipata.

Katika zamu ya asubuhi kulikuwa na mtu wa Ushetu, msukuma toroli. Alinizidi umri, nami nilimwamkia shikamoo kila siku, naye aliitika marahaba kisha akanitania kwamba Kisumbwa changu ni cha mtu aliyenyonyeshwa na bibi. Msimu ule wa kupalilia, dereva wa lori aliyepita Runzewe alimletea habari kwamba mama yake yu hoi na anamwita. Kipande chake, kadi ya siku za kazi alizoandikiwa, kilikuwa hakijaisha. Mtu aliyeondoka kabla kipande hakijaisha, bila ruhusa, alihesabiwa mtoro, na mtoro alitafutwa mpaka kwao.

Basi aliomba ruhusa. Asubuhi ya kwanza nilimgeuzia maneno vizuri, na bwana alikataa. Asubuhi ya pili akakataa tena, akasema kila mtu katika kambi ile ana mama anayekufa. Hayo pia niliyageuza, ila nilipunguza ukali. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi na manyunyu. Mtu wa Ushetu alikuja amejifunga blanketi, mikono ameikunja tumboni, ameinama kidogo. Kabla hajasema, bwana alimtazama, akaniambia mimi, kwa ufupi, kwamba huyu mtu ana gripe tena, nimwondoe mbele yake.

Neno lile nililijua! Katika maneno yake yote ya puani, hili lilikuwa langu, nimelimaliza, na mbele yangu alisimama mtu aliyekumbatia tumbo. Nikamshika mkono.

"Twende kwa dresa, kaka."

"Bwana amesemaje?"

"Amesema una msokoto wa tumbo."

"Mimi? Nani kamwambia?"

"Amekuona mwenyewe."

Alicheka bila furaha. "Basi ana macho ya mganga. Mimi naumwa mama, yeye anaona tumbo."

Nilimwambia asibishane, kwamba mgonjwa angalau hupumzika. Nilimwongoza kama mtoto. Nakumbuka nilijisikia mwema.

Dresa wa mgodi alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu mwenye Kiswahili kitamu na utani mwingi, lakini kuhusu matumbo hakuwa na utani. Kambi ya jirani ilikuwa imepata kuhara damu mwezi ule, na yeye ameonywa. Nilipomwambia kwamba bwana wa zamu mwenyewe ameona msokoto, hakumpima sana. Akachanganya haluli, chumvi ile chungu ya kuharisha, katika kikombe cha bati.

"Kunywa, mtu wa Ushetu. Hii inafagia mpaka uvunguni."

"Bwana dresa, tumbo langu ni zima," akasema kwa Kisumbwa, nami nikageuza.

"Matumbo yote husema hivyo. Kunywa."

Akanywa. Mtu aliyekunywa haluli lazima akimbilie chooni, na mtu anayekimbilia choo mara kwa mara, katika mwezi wa kuhara damu, ni mgonjwa. Kabla ya adhuhuri alikuwa karantini, kibanda cha nyasi ndani ya ua wa miba nyuma ya hospitali. Jioni dresa alikwenda kwenye chumba alicholala, akawanywesha haluli wenzake wote, akachukua mablanketi yao yakachomwa moto. Kisha akawazuia chumbani wasiende shimoni. Siku ambayo mtu hakwenda shimoni haikuhesabiwa kwenye kipande chake.

Nilipita pale dirishani. Mmoja wao, mzee kidogo, mchekeshaji wa kambi, alitoa kichwa.

"Karani, na wewe hujapata kikombe chako?"

"Mimi sina msokoto."

"Hata sisi hatukuwa nao. Msokoto umetufikia kwa miguu miwili, mmoja wa dresa na mmoja wako."

Nilicheka pamoja nao. Bado niliamini kwamba kuna mgonjwa.

Ukweli ulinifikia siku ya pili yake, mchana, bila mtu kukusudia kuniambia. Meneja wa mgodi alikuwa amesimama uwanjani akimfokea bwana wa zamu juu ya mawe yaliyotoka machache. Alikuwa mtu mnene, mwekundu, mzima kabisa, na mkononi alikuwa na biskuti aliyoila katikati ya maneno. Alipoondoka, bwana wa zamu alitema mate akasema kwamba mzee huyo kila siku ni gripe tu. Nilisita. Kisha nikamwuliza, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kama nimwite dresa amletee meneja dawa.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akanieleza, polepole safari hii, kwamba neno hilo halina habari ya tumbo. Ni kulalamika. Ni kulalamika kwa mtu anayewachosha wenzake kwa jambo lisilo na maana. Aliendelea kucheka hata alipokwenda zake, na hakumkumbuka kabisa mtu wa Ushetu. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliyaunganisha nikiwa nimesimama palepale, na masikio yangu yakapata moto.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ua wa miba. Alikuwa ameketi kivulini, amelegea, midomo mikavu. Nilimweleza kila kitu: chupa, kamusi, ngumi ya dresa, biskuti ya meneja. Nilimwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho akichora mchangani kwa kijiti.

"Kwa hiyo bwana alisema nanung'unika."

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema naharisha."

"Ndiyo, kaka."

"Na sasa naharisha kweli." Akatikisa kichwa. "Una kinywa chenye nguvu, mdogo wangu."

Nikasema nitakwenda kwa dresa sasa hivi kusahihisha, atolewe. Akaniinulia kijiti.

"Nikitolewa nitakwenda wapi?"

"Shimoni."

"Na mgonjwa asiyepona wanampeleka wapi?"

Hilo nililijua. Mgonjwa wa kuhara damu asiyepona upesi alikatiwa kipande na kupakiwa kwenye lori arudi kwao, maana mgodi haukutaka kumzika. Nilimwambia.

"Basi nyamaza," akasema. "Kwanza ulikosea kwa ujinga. Sasa kosea kwa akili."

Tukakubaliana. Daktari wa Kizungu alikuwa akipita mara moja kwa wiki, na siku yake ilikuwa inayofuata. Angeuliza habari ya damu. Mtu wa Ushetu angejibu kwamba ipo. Dresa hakujua Kisumbwa, hivyo ningeitwa mimi kugeuza. Nilifikiri juu ya wale wenzake waliofungiwa bila blanketi, siku zao zikipotea. Nilimtajia. Akasema hilo nalo linamuuma, lakini mama ni mmoja.

Daktari alifika kwa gari lake dogo baada ya mvua. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyechuchumaa kabla ya kumgusa mgonjwa badala ya kumwinamia kutoka juu. Alimbonyeza tumbo, akamtazama ulimi na macho. Kisha akaniambia nimwulize kama anaona damu.

"Anauliza kama unaona damu," nikasema kwa Kisumbwa.

Mtu wa Ushetu hakunitazama mimi. Alimtazama daktari, akasema, "Mwambie mama yangu yu hoi. Ananiita. Nataka kwenda."

Sijui mpaka leo kama alisahau tulivyopanga, au uso wa yule mtu ulimfanya aone kwamba ukweli unaweza kutosha. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Niliogopa. Kama nikiyageuza maneno yale yalivyo, daktari atauliza kwa nini basi mtu huyu yuko karantini, na jibu la swali hilo ni mimi. Nikasema kwa Kiingereza safi, Kiingereza bora nilichowahi kusema pale, kwamba anasema ndiyo bwana, damu ipo, tangu jana.

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma. Akaagiza apelekwe kwao. Kisha akanawa mikono, akapanda gari, na nikamsikia akimwambia dresa kwamba anawahi Kahama kabla giza halijaingia.

Kutoka Kahama mtu hufika Ushetu kwa miguu. Gari lile lilikuwa na kiti kitupu. Mgonjwa wa kuhara damu hapandi gari la daktari, hungoja lori. Na lori la kwanza dereva wake alikataa kupakia mtu wa ugonjwa ule pamoja na magunia ya unga. Aliondoka na la pili, siku mbili baadaye, ameketi nyuma kabisa peke yake. Aliniinulia mkono. Nami niliinua wangu.

Tangu hapo sikuliacha neno lile. Katika miaka iliyofuata, kila nilipofika Mwanza au Tabora nikaona kamusi, nilifungua hapo kwanza. Kidogo kidogo niliijua njia yake. Kwa Waingereza wa kale lilikuwa neno la mkono: kukamata, kung'ang'ania. Baadaye watu walilitumia kwa mtu anayewakamua wenzake. Kisha mkono huo ukaingia tumboni ukawa msokoto, na hapo ndipo lilipokaa katika vitabu vya waganga na kwenye karatasi za chupa. Kulalamika ni maana changa kabisa, ya watu wa Amerika, na ilivuka bahari pamoja na askari. Kamusi yangu ilichapwa kabla ya hapo. Haikunidanganya. Ilikuwa imezeeka tu, nami sikujua kwamba kamusi huzeeka.

Sisi tuna maneno mengi ya jambo hilo, wala hayafanani. Anayelalamika ana neno la kusemwa hadharani, na mtu anaweza kumwambia haya, tueleze. Anayenung'unika ana neno lile lile, ila hakuna anayemwuliza, basi anajisemea. Mwenye kinyongo amekwishaacha kusema. Nimeona kwamba mara nyingi tofauti haiko kwa msemaji. Iko kwa msikilizaji. Mtu wa Ushetu alilalamika. Bwana aliyemsikia ndiye aliyemfanya mnung'unikaji, na baada ya bwana, mimi nikamfanya mgonjwa. Maana ya bwana nilikuwa sina uwezo nayo. Ile ya mbele ya daktari ilikuwa mikononi mwangu, nami sikuwa nimekosa neno lolote. Maneno yote yaliyohitajika siku ile niliyajua: mama, hoi, ananiita, nataka kwenda. Ni ya mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Alirudi wakati wa kiangazi, Jumapili, watu wakiwa wamepumzika mbele ya vyumba wakitaniana. Hakuja kuandikwa kazi. Alijua mgodini kwetu hawamtaki tena kwa sababu ya tumbo lile. Alikuwa njiani kwenda upande wa Nyarugusu kutafuta kazi mahali ambapo hawamjui uso. Alibeba gunia la karanga, akawagawia wale wa chumba chake, na blanketi jipya, badala ya lile lililochomwa, akalitia mkononi mwa yule mchekeshaji.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Mama?"

"Nilifika walikuwa wamemzika jana yake."

Watu wakampa pole. Akazipokea. Halafu akasema kwamba nyumbani walimwuliza kwa nini alichelewa, na aliwajibu kwamba alikuwa anaumwa tumbo. "Waliniona nilivyokonda, wakaamini. Shangazi akanichemshia mizizi. Nikanywa na hiyo."

Kisha, kwa kuwa aliona hawakuwahi kuambiwa, aliwasimulia wenzake habari yote ya neno lile. Hakunisitiri wala hakunichongea; alisimulia kama mtu anayesimulia habari ya mvua. Walinigeukia mmoja mmoja. Mchekeshaji alikuwa na karanga mdomoni, akaacha kutafuna.

"Kumbe hatukunywa haluli," akasema. "Tulinyweshwa tafsiri."

Walicheka sana, hata mtu wa Ushetu. Kicheko hicho kilikuwa kizito kwangu kuliko kama wangenipiga. Nilisema nawaomba radhi kwa mablanketi na kwa siku zao zilizopotea. Mmoja akaniambia nikae chini, nile karanga. Nikakaa.

Walipokwisha kucheka, mtu wa Ushetu alinisogelea, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Siku ile nilimwambia yule daktari habari ya mama. Alijibu nini?"

Karanga ilikuwa mkononi mwangu. Niliivunja ganda, nikaiacha ndani.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilimwambia damu ipo."

"Kama tulivyopanga."

"Kama tulivyopanga. Lakini wewe ulibadilisha, nami nilisikia. Niliogopa. Na gari lake lilikuwa linakwenda Kahama jioni ileile."

Wengine nao walikuwa wamesikia. Mchekeshaji alitazama chini. Nilitaka mtu wa Ushetu aniseme. Nilikuwa tayari kabisa kusemwa. Alipangusa mikono yake magotini, akaniuliza, "Kizungu cha maneno yale ni kirefu?"

"Maneno gani?"

"Yale. Mzazi wangu yu hoi, nataka kwenda."

"Si kirefu."

"Nifundishe."

Nilimwambia kwamba mama yake hayupo tena. Niliposema hivyo niliona nimesema vibaya, lakini hakukasirika.

"Nina baba," akasema. "Na huko niendako kutakuwa na mkalimani."

Nikamfundisha. Niliyakata maneno vipande vidogo, naye alirudia nyuma yangu, akiyavuta kwa mtindo wa Ushetu. Nilipotaka kumsahihisha matamshi alinizuia kwa mkono, akaanza mwenyewe tangu mwanzo. Alirudia mpaka akawa hanitazami tena mdomoni. Kijana mmoja aliyeketi pembeni akasogea, akataka kujua neno la mke. Mwingine akataka la mtoto. Nikayatoa moja moja, nao wakayaweka mahali pake katika maneno yale, kila mtu na wake, wakisema wote kwa pamoja na kupishana.

Mchekeshaji alingoja mpaka mwisho. Yeye hakuwa na mzazi wala mke.

"Na ng'ombe," akasema, "anaitwaje?"